Siku Banda Zima la Kufuma Lilipopata Mimba

Ninyi mabinti mnaopanga mstari getini asubuhi kuomba kazi viwandani, hasa hapa kwetu Mwanza, nipeni dakika zenu chache. Mimi nimefuma nguo miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu. Masikio yangu yaliisha huko huko kiwandani, kwa hiyo mkitaka kunijibu semeni mkinitazama usoni. Midomo naisoma vizuri sana, na mkinong'ona juu yangu nitajua, kwa hiyo msijaribu.

Hilo la midomo nilieleze kwanza, maana ndilo lililotuponza. Banda la kufuma lina mashine nyingi zinazopiga kwa pamoja, na ukipaza sauti mpaka mishipa ya shingo isimame, aliye ubavuni mwako hakusikii. Basi tuliongea bila sauti, tukichezesha midomo taratibu kama tunamfundisha mtoto kutamka. Mtu yuko upande wa pili wa banda, unamwuliza mama yake anaendeleaje na homa, anakujibu, na kazi inaendelea. Raha yake ni hiyo. Karaha yake ni kwamba mle ndani hakuna siri. Ukimteta mtu aliye mbali, ameshakuona, na atakusubiri nje.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Nyanzobe, Msukuma wa Misungwi, mwanamke mfupi mwenye mikono mipana. Mimi Mjita wa kule Musoma nilifika nikiwa najiona msomi kwa sababu nilimaliza darasa la saba na kufaulu. Wiki ya kwanza akaniweka mbele ya mtande, yaani zile nyuzi za urefu zinazosimama kwenye mashine zikisubiri uzi wa upana upite kati yake. Uzi mmoja wa mtande ukikatika lazima uufunge upesi, na fundo lenyewe liwe dogo kiasi cha kupita kwenye tundu la waya unaouongoza uzi bila kugusa. Fundo langu la kwanza lilikuwa kama punje ya mahindi. Likakwama, likakata nyuzi za jirani, mtande ukaachia uwazi unaopitisha mkono. Nikalia.

"Unalia nini wewe Mjita? Unanilowesha uzi," akaniambia Nyanzobe. "Kata hapo, anza upya. Na usiniangalie mimi, angalia vidole vyako."

Hakuwahi kunisifu. Nilijua nimefuzu siku alipokwenda kunywa chai na kuniachia mashine zake bila kusema neno. Alinifundisha mengine ambayo hayakuwa kwenye mafunzo ya mtu yeyote. Kuisikiliza mashine kwa unyayo, maana sakafu hutetemeka tofauti pale kitu kinapolegea. Kumwaga maji sakafuni miezi ya kiangazi, upepo unapokuwa mkavu na uzi unakatika kila mara. Kufunga kitambaa kichwani nywele zote ziwe ndani, kwa sababu alishaona mashine ikimnyofoa mtu nywele na ngozi. Hilo la mwisho alinisimulia mara moja tu, akakataa kulirudia.

Wakati huo kiwanda kilikuwa cha shirika la umma. Msidhani ilikuwa peponi. Siku za maandamano ya wafanyakazi wanawake tulipangwa mbele, tumevaa vitenge tulivyofuma wenyewe, tukipungia mkono viongozi. Kwenye vikao vya kupandisha watu vyeo hatukupangwa mbele wala nyuma. Lakini likizo ya uzazi tulipata, na malipo yake tulipata, na nyuma ya banda kulikuwa na chumba cha watoto wachanga. Ukifika muda wa kunyonyesha unamwachia mwenzako mashine, unakwenda, unarudi na titi limepungua uzito, unaendelea. Wanangu wawili wamelala kwenye chumba kile.

Halafu yakaja mambo ya soko huria. Mitumba ilijaa masoko yote, nguo zetu zikalala ghalani, na kiwanda kikauzwa kwa mtu binafsi. Wengi walipunguzwa. Sisi tuliobaki tuliambiwa kwamba ajira za kudumu zimekwisha, sasa kila mtu ni mkataba wa miezi mitatu mitatu. Chumba cha watoto kikatolewa vitanda, kikawekwa vipuri. Nilipita pale siku moja nikaona mkanda wa mashine umetundikwa kwenye msumari tuliokuwa tukitundika nepi. Niliumia, lakini nikanyamaza, maana siku zile kila mtu alinyamaza akiomba asiwe yeye.

Ndipo siku moja, kwenye kubadilishana shifti, meneja mpya akasimama mbele yetu. Alikuwa kijana nadhifu, mwenye sauti ya upole, na upole ule ndio ulionitia wasiwasi. Akasema kabla ya mkataba unaofuata kila mwanamke atapimwa mkojo. "Atakayekutwa na mimba, tunampenda, akapumzike nyumbani," akasema. Akatabasamu kabisa. Wanaume hawakuwa na kipimo chochote.

Mimi ndiye niliyekuwa mwakilishi wa wanawake kwenye chama cha wafanyakazi pale kiwandani, kwa hiyo jioni ile waliniangukia wote. Kesho yake nilikwenda mjini kwa afisa kazi, mtumishi wa serikali aliyesimamia mambo ya ajira. Alinipokea vizuri, akanipa kiti. Akaniambia sheria ya likizo ya uzazi ipo, haijafutwa, na inamfunga tajiri kama ilivyolifunga shirika.

"Na hili la kupimwa?" nikamwuliza.

"Hapo sheria imenyamaza, mama."

"Na mkataba ukiisha, asipompa mwingine kwa sababu ana mimba?"

Akatazama dirishani. "Hapo napo," akasema.

Nilirudi na miguu mizito. Tulikuwa na msichana mmoja, Sabina, kutoka Sengerema, aliyejiunga nasi miaka michache kabla. Mume wake alikuwa amepunguzwa kazi, na nyumba nzima, na wadogo zake, waliishi kwa mikono yake. Hakumwambia mtu kitu. Lakini alikuwa akitafuna udongo wa kununua sokoni kila akipata nafasi, na khanga yake ilikuwa ikifungwa kwa nguvu zaidi kila wiki. Tuliona, tukajifanya hatuoni. Bila shaka hakuwa peke yake. Mle ndani walikuwemo wanawake wenye waume, na kilichokuwa kinaendelea majumbani hakikusubiri mkataba.

Tulikaa faragha, wafumaji wa kike watupu, nyumbani kwa Nyanzobe. Wengine walitaka tukatae kupimwa. Wengine wakasema tukikataa tunafukuzwa wote siku hiyo hiyo, na nje kuna watu wanaosubiri. Walikuwepo pia walioogopa jambo jingine kabisa: mkojo wako kuachwa mikononi mwa mtu usiyemjua, ukapelekwa usikojua, ukafanyiwa usilolijua. Msicheke. Hata mimi niliyejiona msomi nilikuwa na hofu hiyo kidogo.

Nyanzobe alikuwa anachambua dagaa. Akasema bila kuinua kichwa, "Mpeni wangu."

Hatukumwelewa.

"Wangu, wote mpeleke wangu. Mimi nimeshafunga duka, mwezini siendi tangu mavuno ya pamba. Nina wajukuu. Nesi atapima, ataona safi, basi. Na wakitaka kumroga mtu kwa dawa, waniroge mimi."

Tulicheka mpaka machozi. Ikakubaliwa kwamba wote tutumie mkojo mmoja, mwenye mimba na asiye nayo, ili pasiwe na mtu wa kuulizwa wala wa kujieleza. Nililipenda hilo. Kama ni kujificha, tujifiche wote.

Siku ya kipimo, nesi aliketi kwenye ofisi ndogo ya mnyapara, akatugawia vichupa, tukawa tunakwenda chooni wawili wawili. Nyanzobe alikuwa ameshatangulia na jagi la plastiki. Asubuhi nzima tulimnywesha maji na uji mpaka akatutukana. Kila aliyeingia alichota kidogo, akatoka na kichupa chake akitembea kwa heshima kama amebeba sadaka. Sabina alipomkabidhi nesi kichupa alimtazama usoni. Nikasema moyoni, tumevuka.

Nesi alikuwa binti mdogo aliyeletwa na meneja, naye kwa mkataba kama sisi. Baada ya muda akatoka mlangoni, akaniita kwa mkono. Niliingia. Alikuwa ameweka vikaratasi vyake vyote vya kupimia juu ya meza, na mstari wa jasho juu ya mdomo.

"Shikamoo mama. Njoo uone. Karatasi ikiwa na mistari miwili ni mimba."

"Marahaba. Ngapi zina mistari miwili?"

"Zote."

Nilitazama meza. Kila kikaratasi kilikuwa na mistari miwili, myekundu, inayoonekana hata na asiye na miwani.

"Hata ya yule mama mwenye wajukuu," akaninong'oneza. "Mama, mmenifanya nini? Nikipeleka majibu haya atasema nimeharibu vipimo. Nisipopeleka atasema nimewaficha. Nifanye nini?"

Sikufikiria mtego wetu, wala meneja. Nilifikiria mwanamke mmoja tu. Nikamwambia nesi, "Peleka kama yalivyo, usiongeze neno," nikatoka mbio kuingia bandani.

Nyanzobe alikuwa upande wa mbali kabisa, kati ya mashine zake. Na mimi kwa haraka ile nikafanya kosa ambalo mfumaji pekee anaweza kulifanya. Sikumfuata alipo. Nilisimama mlangoni, nikainua mkono anitazame, nikamwambia kwa midomo, polepole, kila sehemu ya neno ikionekana: UNA MIMBA.

Banda zima lilisoma.

Nilijua nilipoona vichwa vinageuka. Fundi mmoja aliyekuwa chini ya mashine aliacha spana ikaanguka. Nyanzobe alinitazama, akajigusa kifuani kuuliza, mimi? Nikatikisa kichwa kukubali. Ndipo alipozima mashine zake, moja baada ya nyingine. Miaka yote niliyomjua hakuwahi kuzima mashine isiyo na hitilafu. Alikaa juu ya boksi la uzi, akajifunika uso kwa khanga.

Lazima niwaeleze kwa nini, maana ninyi wa leo mtaona ni furaha. Binti yake mkubwa kule Misungwi alikuwa na mimba wakati ule ule. Kwetu, na kwao Wasukuma vilevile, mama akishaanza kupata wajukuu anatakiwa aache kuzaa. Kubeba mimba sambamba na binti yako ni aibu ambayo watu watakusema nayo hadi kisimani. Na sasa alikuwa ameijua aibu yake mbele ya watu wote, wanaume wakiwemo, kwa mdomo wangu. Nilimwendea nikapiga magoti. Alisema neno moja tu, "Niache," na nikamwacha.

Meneja alitukusanya kesho yake asubuhi. Mashine zilizimwa. Nilikuwa nimemwomba afisa kazi aje, na kwa kweli alikuja, akakaa pembeni ya meneja akiwa ameweka mikono magotini kama mgeni msibani. Mafundi wanaume walisimama nyuma yetu. Wote walijua nani ana mimba. Nilisubiri mmoja wao aseme ili ajipendekeze. Hakuna aliyesema, na kwa hilo nawashukuru mpaka leo.

"Mmenichezea," meneja akaanza. Upole ulikuwa bado upo, lakini umepungua. "Leo mtapimwa tena, mbele ya nesi, yeye akitazama."

Nikasimama. Sauti ilinitoka kubwa mno, kwa mazoea ya kutosikika. "Meneja, chupa ni zako. Nesi ni wako. Majibu ni yako. Kama ni ya kweli, sisi sote ni wajawazito, sheria inatupa likizo na malipo, na afisa kazi huyu hapa. Basi tupe, halafu utafute wa kufuma. Kama si ya kweli, kipimo chako hakifai kumfukuzia mtu kazi. Chagua."

Kuna aliyecheka nyuma. Meneja hakucheka. Alikuwa na shehena ya vitenge ya kumalizia, nasi tulijua. Halafu akatabasamu tena.

"Sawa, mama. Kipimo nakifuta. Mikataba natoa kwa wote. Ila sitaki ujanja tena. Kila mwanamke asimame hapa, aseme kwa kinywa chake, mbele ya mtumishi wa serikali, kwamba hana mimba. Atakayesema uongo, siku tumbo likionekana anaondoka kwa uongo wake, na hapo hakuna sheria ya kumtetea."

Nikamgeukia afisa kazi. Alitazama viatu vyake.

Wakaanza. Wa kwanza akasema, "Sina." Wa pili, "Sina." Mimi nilisema "Sina," na ilikuwa kweli, na nikajisikia vizuri kwa kuwa ilikuwa kweli. Ikazunguka, sina, sina, sina, neno dogo linalotoka upesi. Ikamfikia Sabina. Alifungua mdomo mara mbili. "Sina," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto.

Ikamfikia Nyanzobe. Alisimama, akaifungua khanga begani na kuifunga upya kiunoni, taratibu, kama anayejiandaa kubeba ndoo.

"Ninayo," akasema.

Meneja alidhani hakusikia vizuri.

"Mimba ninayo. Vikaratasi vyako havikudanganya. Ni mkojo wangu ule, wote. Mimi nina wajukuu, na binti yangu naye anayo, na leo mkinicheka chekeni hapa hapa niwaone." Akamgeukia afisa kazi. "Wewe mwanangu umekaa muda mrefu. Sheria inanipa likizo au hainipi?"

Afisa kazi akasema kitu chini chini.

"Hawakusikii," akamwambia. "Hawa wote masikio yao yameharibika. Sema kwa nguvu."

Basi yule bwana akasimama. Alikuwa mwekundu wa macho. Akasema kwa nguvu kwamba sheria inampa likizo ya uzazi na malipo yake, na kwamba meneja akimnyima mkataba sasa, baada ya kusikia sababu kwa masikio yake mwenyewe, yeye afisa kazi atalifikisha jambo hilo mbele. Sijui aliutoa wapi ujasiri ule. Nadhani aliogopa macho ya Nyanzobe kuliko alivyomwogopa meneja.

Sabina akaanza kulia. "Na mimi ninayo," akasema. "Nimedanganya. Nimeogopa."

Wakafuata wengine wawili. Wote wanne walipata mikataba, na wote wanne walipata likizo. Nyanzobe alijifungua salama, mtoto wa kiume, mwezi mmoja na mjukuu wake. Kule kwao walimsema, alisemwa sana, naye aliwabeba wote wawili mgongoni na kifuani kwa zamu akipita sokoni kifua mbele.

Ningependa kuishia hapo. Lakini nimewaita niwaeleze ukweli.

Meneja hakumfukuza mwanamke yeyote tena. Aliacha kuwaajiri. Kila aliyestaafu au kuugua, nafasi yake alipewa mwanamume. Mabinti waliokuja getini waliambiwa na mlinzi, "Leo wanaume tu," na kesho vilevile. Wapo wenzetu waliomlaumu Nyanzobe. Walimwambia usoni, kwenye chai, kwamba angesema "sina" kama watu wengine, akafunga khanga akanyamaza, tungebaki wengi mle ndani.

"Wengi wa kubana matumbo," akawajibu, akaendelea kunywa chai yake.

Mimi mlango ule wa getini uliniuma kuliko vyote, kwa sababu hapo hatukuwa na mtu. Aliye nje hana mkataba, hana chama, hana hata jina. Miaka ikapita, tukaenda kwenye semina, tukapiga kelele, wengine wenye elimu kubwa kuliko yetu wakapiga kelele zaidi, na ikaja sheria mpya ya kazi. Hiyo inaitaja mimba kwa jina lake kwamba si sababu ya kumbagua mtu. Na inamhesabu hata yule anayeomba kazi, aliye bado nje ya geti. Siku niliposomewa kifungu hicho nilimwomba mwanangu anisomee tena, naye akadhani sijaona midomo yake.

Lakini najua wanawauliza bado. Juzi mjukuu wangu aliomba kazi ya kuchuna minofu ya samaki, na bibi mmoja wa ofisini akamwuliza kwa upole kama ana mimba. Mjukuu wangu akajibu haraka, "Sina, mama," akarudi nyumbani anafurahi kwamba amepata. Nilimkasirikia, naye hakuelewa, kwa kuwa kweli hakuwa nayo.

Basi nawaambia ninyi nilichomwambia yeye. Wakikuuliza, usiseme "sina." Hata kama huna. Hasa kama huna. Mwambie kwamba hilo sheria haimruhusu kukuuliza, na ukae kimya. Mimi nilisimama kwenye mstari ule nikasema neno la kweli, na neno langu la kweli, pamoja na la wenzangu, ndilo lililomwacha Nyanzobe asimame peke yake.